Nasaha kwa Anayekwenda Kuhani

Ndugu yangu, ukisikia jirani amefiwa na mtu aliyejiua, nenda. Usingoje wengine watangulie. Turubai ni lile lile, jamvi ni lile lile, na salamu ni ile ile: "Poleni kwa msiba." Ukishaisema, keti.

Usiulize ilikuwaje, wala nani alimkuta. Mama wa marehemu anabembelezwa anywe uji japo vijiko viwili, na mgeni anamwinamia sikioni: "Kwani hamkuona dalili?" Swali hilo amejiuliza tangu asubuhi ile, usimwongezee. Mtaje marehemu kwa jina, sema jema lake ulijualo.

Usimhukumu mbele ya wanawe. Hukumu ni ya Mungu. Yetu ni maziko na dua. Wala usiseme ni laana ya ukoo: kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya 700,000 hufa hivi kila mwaka. Je, koo zote hizo zimelaaniwa? Barua aliyoiacha ni ya wenyewe. Usiisambaze kwenye simu.

Mtoto akiuliza, mwambieni kweli kwa maneno ya umri wake, na mumhakikishie kuwa si kosa lake. Mkimficha, ataambiwa shuleni, tena kwa kejeli.

Matanga yakishaanuliwa, rudi. Peleka kilo ya sukari, kaa mpaka jioni. Arobaini ikipita, rudi tena. Wafiwa wa kifo hiki nao wamo hatarini. Ukimwona mmoja amejitenga, hapati usingizi, anagawa vitu vyake, au anasema "nimekuwa mzigo kwenu," mwulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo hilo, humpa nafasi ya kusema. Msikilize bila kumkaripia. Usimwache peke yake, mwondolee vya kumdhuru, umfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Akikuomba umfichie siri, hiyo usiifiche.

Wala usimtishe kwa polisi. Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka 2, kinakiuka Katiba.

Kumbuka, jamvini hapo huenda ameketi mwingine mwenye mawazo hayo hayo, anasikiliza mnavyomsema marehemu. Mkimsitiri aliyekufa, huyu aliye hai atathubutu kujieleza mapema, na anayejieleza mapema husaidika.