Kosa moja, adhabu mbili

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu zangu katika imani, mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya madawa ya kulevya. Muuzaji wa gramu 500 za kokeini ya unga alifungwa si chini ya miaka 5. Muuzaji wa kraki, yaani kokeini ile ile iliyopikwa ikawa vipande vya kuvuta, alipata kifungo hicho hicho kwa gramu 5 tu. Mwaka 1988 wakaongeza kuwa hata mtumiaji asiyeuza, akikutwa na zaidi ya gramu 5 za kraki, ni miaka 5. Mwenziwe wa unga, kwa kosa la kwanza, kikomo kilikuwa mwaka 1.

Kraki iliuzwa kwa bei ndogo katika mitaa ya Weusi. Rangi haikutajwa katika sheria ile, lakini kwa miaka mingi takriban wanane katika kila kumi waliohukumiwa kwa kraki katika mahakama za shirikisho walikuwa Weusi, ilhali takwimu za serikali yenyewe zilionesha kuwa watumiaji wengi hawakuwa Weusi.

Tumkumbuke yule mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba. Usama bin Zayd (RA) alipokwenda kumwombea, Mtume (SAW) alikasirika, akaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimwadhibu. Hakusema wameangamia kwa wizi!

Na yule sahaba aliyeletwa mara kwa mara kwa ulevi? Alichapwa, naam. Lakini mtu mmoja alipomlaani, Mtume (SAW) alimkataza, akasema kuwa anampenda Allah na Mtume wake. Aliadhibiwa akabaki ndugu.

Heroini na vidonge vya maumivu vilipoenea katika miji ya Wazungu, wanasiasa wa huko wakaanza kusema kuwa uraibu ni ugonjwa, watu watibiwe. Sipingi hata kidogo. Nauliza tu, mwaka 1988 haukuwa ugonjwa?

Mwaka 2010 sheria ilirekebishwa. Kifungo cha lazima kwa mtumiaji kikafutwa, na uwiano wa 100 kwa 1 ukawa 18 kwa 1. Anayesoma Surat Al-Mutaffifin anajua kuwa anayepunja kidogo naye anapunja. Waliokwisha kufungwa walisubiri hadi mwaka 2018 ndipo nafuu hiyo ikawafikia. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa nafuu ya 2018 haiwahusu waliohukumiwa kwa viwango vidogo kabisa vya kraki.

Wabillahi tawfiq.