Mbwa Shenzi

Hapa Sanje, chini ya milima ya Udzungwa, nilifuga mbwa wa kienyeji aliyelinda mahindi yangu dhidi ya nyani. Nilimwita shenzi, huku nikitamani mbwa wa Kijerumani. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1937 mbwa wa Kongo walionyeshwa London, katika maonyesho ya Crufts, kwa jina la Basenji, ambalo ni ndugu wa neno letu "washenzi". Kumbe tusi letu kwao ni jina la heshima! Je, tunapenda mbwa au sifa yake? Nami mwalimu, ni wanafunzi wangapi niliowaita wajinga kabla ya kuwatazama vema? Mbwa wangu amekwisha kufa. Wanafunzi wale wangali hai, na deni lao ninalo.