Alama na Kanuni

Yako mafumbo ya picha yanayostahili kutafakariwa na kila apendaye kuhukumu kwa haki. Aliyeyatunga ni Mikhail Bongard, mtaalamu wa Urusi, naye aliyachapisha 100 katika kitabu chake cha mwaka 1967, akichunguza jinsi mashine iwezavyo kufundishwa kutambua maumbo. Kila fumbo lina visanduku 12 vya picha: 6 kushoto na 6 kulia. Huambiwi neno lo lote. Kazi yako ni kuitafuta kanuni inayozitenga pande hizo mbili. Katika fumbo mojawapo, kushoto zimo pembetatu, na kulia yamo maumbo ya pembe nne.

Kanuni ya kweli ina masharti mawili. Kwanza, izienee picha zote za upande wake. Pili, isiingie picha hata moja ya upande wa pili. Ukisema, "Kushoto kuna maumbo yenye pembe," umesema kweli, lakini hujafumbua kitu, maana hata kulia pembe zimo. Tena picha moja tu ikiikataa kanuni yako, kinachoanguka ni kanuni, siyo picha.

Je, sisi hufanya hivyo tunapowatenga wanadamu?

Chukua nchi ya Masasi na Newala. Masasi iko chini, penye milima ya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikilielekea bonde la Ruvuma. Humo Wamakonde, Wamakua na Wayao wamekaa ujirani kwa vizazi vingi. Mjerumani Karl Weule alizuru nchi hiyo mwaka 1906, akaandika habari za chale na za ndonya, yaani kisahani cha mti ambacho wanawake walikivaa katika mdomo wa juu. Mgeni akiona ndonya angesema mara moja, "Huyu ni Mmakonde." Lakini wanawake wa Kimakua na wa Kimwera nao walivaa ndonya, na leo wako Wamakonde wengi wasio na ndonya wala chale. Kanuni hiyo imevunjika pande zote mbili.

Kosa kubwa zaidi ni kuitoa alama usoni na kuipeleka moyoni. Wamakonde waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, walioitwa Wamavia, waliogopwa na watu wengi wa pwani. Ilisemwa kwamba mwenye chale nyingi na meno yaliyochongwa ni mtu mkali. Waliosema hivyo hawakuutazama upande wa pili. Je, hawakuwako wakali wenye nyuso laini? Na wale wenye chale waliozeeka wakichonga vinyago na kulea wajukuu kwa upole, waliwekwa upande gani?

Pengine utasema: mtu hawezi kuishi bila kanuni. Ni kweli. Mnunuzi wa korosho hutenga daraja la kwanza na la pili, na mama aokotaye uyoga huuacha ule anaoutilia shaka. Wanafanya vema. Lakini uyoga ukitupwa kwa makosa haudhulumiwi, mtu hudhulumiwa. Tena katika fumbo, mtungaji ndiye aliyezipanga picha, akajua kwamba jibu lipo. Ni nani aliyetupangia wanadamu, huku wema na kule waovu, kwa kabila au kwa sura? Tumewapanga wenyewe, kisha twatafuta kanuni ya kuuhalalisha mpango wetu.

Dalili ya dhuluma hiyo yajulikana. Akitokea mtu mwema katika watu tusiowapenda, twasema, "Huyu siye kama wenzake." Kwa maneno hayo tumeiokoa kanuni na kuitupa picha. Twadhani tumemsifu, kumbe tumewatukana ndugu zake wote.

Basi, wewe unayeitafuta kweli, bila shaka umekwisha kuambiwa kwamba watu wa dini fulani au dhehebu fulani wako hivi na hivi. Kabla hujakubali, uliza maswali mawili: Je, wote wako hivyo? Na je, wengine hawako hivyo? Kisha nenda ukaketi nao, uwasikilize. Na ukimwona mmoja anayeikataa kanuni uliyopewa, usimwondoe yeye. Iondoe kanuni.