Kukaguliwa si Kushtakiwa

Somo: Ezra 8:21-34



Tumezoea kumkumbuka Ezra kwa imani yake. Alipokuwa akiwaongoza watu kutoka Babeli kurudi Yerusalemu, aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda njiani, kwa sababu alikwisha kumweleza kwamba mkono wa Mungu huwalinda wamtafutao. Basi wakafunga na kuomba kando ya mto Ahava, kisha wakashika njia bila askari hata mmoja.

Lakini kabla ya kuondoka alifanya jambo jingine, ambalo hatulihubiri mara nyingi. Aliwateua wakuu 12 wa makuhani, akawapimia mali ya nyumba ya Mungu: talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha vya talanta 100, na talanta 100 za dhahabu. Kwa vipimo vyetu vya leo, fedha ile peke yake ilikaribia tani 20. Safari ilichukua zaidi ya miezi mitatu. Walipofika Yerusalemu walipumzika siku tatu, na siku ya nne kila kitu kikarudishwa kwenye mizani mbele ya makuhani wawili na Walawi wawili. Uzito wote ukaandikwa.

Tazameni basi. Mtu yule yule aliyekataa askari kwa ajili ya imani hakukataa mizani kwa ajili ya imani. Hakusema, "Hawa ni watu wa Mungu, kuwapimia ni kuwavunjia heshima." Aliwapimia kwa sababu aliwaheshimu. Alijua kwamba njia ni ndefu na ndimi za watu ni nyingi, akataka siku ya kufika kila kuhani asimame na uso mkunjufu, pasiwe na wa kumnong'ona.

Nimelitafakari somo hili baada ya kuzungumza na binti mmoja wa bonde letu, anayesoma uhasibu chuoni. Vijana wa masomo hayo hawakai darasani tu. Hutumwa kwa majuma kadhaa kwenye mafunzo kwa vitendo, na yeye aliwekwa pamoja na wakaguzi wa hesabu. Nilimwuliza alifanya nini huko. Akanieleza kwamba kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Unachukua hati ya malipo, unatafuta stakabadhi yake, unatazama tarehe, kiasi na saini, kisha unaifuata mpaka kwenye daftari la fedha na taarifa ya benki. Zikilingana, unaweka alama ya vema. Zisipolingana, unauliza.

Ghalani nako ana njia mbili. Kwanza huchukua kilichoandikwa katika leja na kukitafuta sakafuni, ili ajue kama kipo kweli. Kisha huchukua kilichopo sakafuni na kukitafuta katika leja, ili ajue kama kiliandikwa. Mwenye kupita njia moja tu huona nusu ya ukweli.

Siku moja alitumwa kuhesabu magunia katika ghala la ofisi moja. Mtunza ghala alikuwa mzee wa makamo ya babu yake, aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Binti akamwamkia, "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia vizuri, akamwambia, "Marahaba, mjukuu wangu. Jua ni kali, na magunia haya tulikwisha kuyahesabu jana. Wewe weka vema tu, upumzike."

Ndugu zangu, hapo ndipo penye mtihani wa kijana. Hakuombwa aibe, wala hakupewa bahasha. Aliombwa tu kuweka alama ndogo kwa kalamu, na aliyemwomba ni mzee aliyemwita mjukuu. Sisi tumewalea watoto wetu wasimbishie mkubwa, nasi tumefanya vema. Akasema kwa adabu, "Babu, naomba unisaidie tuhesabu wote wawili, maana nitakachoandika kitakuwa na jina langu na lako." Mzee alinuna, lakini akafungua.

Magunia yalipungua kuliko yaliyoandikwa. Mzee akatokwa na jasho. Wakaanza kutafuta karatasi moja moja, na jioni wakaikuta hati ya kutolea magunia yale, imepigwa saini na mpokeaji, ila ilikuwa imewekwa katika jalada lisilo lake. Hapakuwa na wizi. Lakini fikirini kama binti angeweka ile vema ya heshima. Upungufu ungeonekana siku ya makabidhiano, na mzee angekwenda nyumbani na jina la mwizi baada ya miaka mingi ya kazi. Adabu ya kunyamaza ingemwangamiza. Adabu ya kuuliza ilimwokoa.

Si kila hesabu huisha hivyo. Binti alinieleza kwamba katika ofisi ile ile lilikuwako jalada la masurufu ambalo stakabadhi zake hazikuonekana mpaka mwisho. Hapo alifundishwa jambo kubwa: andika ulichokiona, usiongeze na usipunguze. Hoja ya ukaguzi ni swali, nayo humpa mtu nafasi ya kujibu kabla ya hukumu. Sisi walimu tunalielewa hili. Anayesahihisha daftari la mtoto hamchukii mtoto, na anayempa vema bila kusoma hampendi.

Nchi yetu nayo imejifunza hivyo. Wazee wenzangu mnakumbuka vyama vikuu vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, mwaka huo huo liliundwa shirika la kukagua na kusimamia vyama hivyo, COASCO, kwa maana jasho la mkulima linahitaji jicho la kulitazama. Na Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 143, inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu akague hesabu za Serikali yenyewe na kumpelekea Rais taarifa yake, nayo ifikishwe Bungeni. Ikiwa hesabu za nchi nzima hufunguliwa, je, za kapu la sadaka zifungwe?

Sisi wa Mkula ni wakulima wa mpunga na miwa. Tunajua uchungu wa mizani isiyo haki. Mnunuzi akija na gunia la lumbesa tunalalamika, na mwenye miwa hufuatilia uzito wa mzigo wake mpaka shilingi ya mwisho. Mbona basi, sadaka ya mavuno inapoletwa kanisani kwa madebe, wengine hukasirika akitokea kijana kuuliza ni madebe mangapi, yameuzwa kwa bei gani, na fedha iko wapi? Mara tunamwita mkorofi. Tunasema hana imani. Ezra alikuwa na imani, naye alipima.

Mtume Paulo alipochukua mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakwenda na fedha ile peke yake. Alikubali kufuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za watu pia. Mungu aliujua moyo wa Paulo. Wakorintho hawakuweza kuuona, kwa hiyo aliwapa shahidi.

Basi tufanye vivyo hivyo. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au zaidi, iandikwe kabla hawajatoka kanisani, na wote watie saini. Anayeandika stakabadhi asiwe ndiye anayetunza fedha. Michango inayotumwa kwa simu isiingie katika namba ya mtu binafsi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Tena hasa akiwa mwaminifu, maana huyo ndiye tunayetaka kumlinda. Na kila mwaka hesabu zikaguliwe na mtu asiyezitunza, kisha zisomwe mbele ya washarika wote.

Nanyi vijana mnaokwenda kwenye mafunzo ya namna hii, msiione kazi hii kuwa ya kidunia tu. Salimieni wakubwa, ulizeni kwa upole, wala msiweke vema juu ya kitu ambacho macho yenu hayakukiona.

Iko siku ambayo kila mmoja wetu atatoa hesabu yake mwenyewe mbele za Mungu, na siku hiyo hakuna jalada litakalopotea. Aliyezoea kufungua daftari lake hapa duniani hatashtuka akiitwa. Bwana atujalie kuwa mawakili waaminifu. Amina.