Kosa Linalorekebika
Mbwa amemng'ata mtoto aliyekuwa akichunga ng'ombe, kisha ametokomea porini. Alikuwa na kichaa? Hakuna ajuaye. Kwetu Turwa, ambako mbwa hulinda mifugo na kuzurura watakavyo, swali hilo si la darasani. Sindano ni zaidi ya moja, na familia inaangalia mbuzi wake.

Mzee mmoja aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mimi niling'atwa, nikapakwa dawa ya miti, na bado nipo." Simbishii. Si kila anayeng'atwa na mbwa mwenye kichaa hupata ugonjwa. Lakini waliokufa hawaketi nasi kusimulia yao.

Tusipojua, haitoshi kuuliza lipi lina uwezekano zaidi. Tuulize pia kosa lipi linarekebika. Tukimchanja mtoto kumbe mbwa alikuwa mzima, mbuzi ameuzwa bure. Tusipomchanja kumbe mbwa alikuwa mgonjwa, virusi hufuata neva hadi kwenye ubongo, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mbuzi atanunuliwa mwingine.

Julai 1885, Louis Pasteur aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa vibaya. Chanjo yake ilikuwa bado haijathibitishwa kwa binadamu. Aliitumia, kwa kuwa kusubiri nako kulikuwa uamuzi. Mtoto aliishi.

Je, si hoja hiyohiyo iliyowapeleka maelfu ya watu Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500? "Kunywa tu, utapoteza nini?" Tofauti ni kwamba wapo walioacha dawa za VVU wakiamini wamepona. Hasara yao haikuwa shilingi 500. Anayechukua tahadhari hupima pia kile anachokiacha.

Wala tahadhari si woga usio na mwisho. Kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali. Mbwa akipatikana, atazamwe siku 10. Akibaki mzima, daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki.

Na asiye na mbuzi wa kuuza? Hapo mizani yangu inamdhulumu, kwa sababu anajua lililo sahihi na hana uwezo wa kulitenda. Ndiyo maana naona tahadhari ya kweli ni ya kijiji kizima: kuwachanja mbwa, kama kampeni za jirani zetu wa Serengeti zinavyofanya, kabla mtoto yeyote hajang'atwa.