Uongo Usio na Maneno

Je, mtu aweza kusema uongo pasipo kutamka neno lo lote? Wengi husema, Haiwezekani. Asiyenena neno hawezi kushtakiwa kwa neno. Lakini na tulitazame jambo hili kwa mfano mdogo, maana mara nyingi katika mambo madogo twaona wazi zaidi.

Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi ya redio, pasipo kamba wala mkono ulioigusa. Baadaye elimu hiyo ilienea hata ikaingia katika vichezeo vya watoto. Nilipokuwa mtoto, baba aliuza beberu, akaninunulia motokaa ya namna hiyo. Juu ya sanduku palichorwa motokaa ikiruka miamba na kutimua vumbi. Lakini ile iliyokuwamo ndani ilijua mambo mawili tu: kwenda mbele moja kwa moja, na kurudi nyuma huku ikipinda upande mmoja. Kitufe kilikuwa kimoja. Tena magurudumu yake madogo yalifaa sakafu laini. Katika ua wetu wa mchanga yalizunguka pale pale, hata betri zikaisha.

Basi, ni nani aliyesema uongo? Maandishi ya sanduku hayakuahidi kitu. Aliyeiagiza picha ile angeweza kuapa ya kuwa hakunena neno. Hata hivyo sisi tuliamini jambo lisilo kweli, naye alitaka tuliamini. Hapo ndipo ilipo asili ya uongo: si katika ulimi, bali katika kutaka mwenzako aamini usiloliamini wewe.

Yuko atakayejibu, Kila mnunuzi na afumbue macho. Wahenga walisema, Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, busara yafaa. Lakini kutojihadhari kwake aliyenaswa hakumtakasi aliyetega. Tena angalieni madhara yalimwangukia nani. Mimi nalikirudia kigari changu cha waya, ambacho hakikunihuzunisha kamwe, kwa kuwa nalikijua kipimo chake. Baba ndiye aliyeumia. Alisimama mlangoni akitazama, asiseme neno. Zawadi ya upendo wake ilikuwa imegeuzwa kuwa aibu, naye hakumdanganya mtu.

Na tujipime wenyewe. Mwenye kumnywesha ng'ombe maji mengi kabla ya mnada ili aonekane amenona. Mchumba afichaye madeni yake hata siku ya arusi. Mzee amwambiaye mtoto, Tutaona, akijua kwamba hakuna kitakachoonekana: wote hawa waweza kusema, Sikudanganya. Lakini ahadi ni deni, hata ikitolewa kwa picha au kwa kunyamaza. Basi tusiulize tu, Nimesema nini? Tuulize pia, Mwenzangu ameelewa nini, nami nimemwacha aelewe hivyo kwa faida ya nani?