Kabla Hujaniambia

Chumba changu cha ushauri kilikuwa stoo. Upande mmoja yalirundikwa madawati mabovu, upande wa pili maboksi ya chaki na mipira miwili isiyo na upepo. Mlango ulikuwa umeng'oka bawaba, kwa hiyo nilitundika kitenge. Siku moja ya mwaka 2019, baada ya vipindi, msichana wa kidato cha tatu alikisogeza kitenge kile, akaniamkia, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu ambaye bado hajaamua kukaa. Akaniuliza swali ambalo nadhani kila anayefanya kazi hii ameshaulizwa.

"Madam, nikikuambia kitu, hutamwambia mtu?"

"Simwambii mtu," nikasema.

Jibu lile lilinichukua sekunde mbili. Kulifikiria kumenichukua miaka.

Kwanza nieleze nilikuwa nani pale shuleni. Ilikuwa shule ya kata katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, nami nilifundisha Baiolojia. Kazi ya ushauri na unasihi nilipewa kwenye kikao cha walimu, dakika chache kabla ya chai, kwa sababu nilikuwa mwanamke, nilikuwa bado kijana, na sikuwa na mtoto wa kunyonyesha. Mafunzo yangu yalikuwa somo moja la saikolojia nililosoma chuoni. Pamoja na kazi hiyo nilikabidhiwa nyingine, na hakuna aliyeona kwamba zinagongana: kila shule ilipofunguliwa, mimi na muuguzi wa zahanati ndio tuliosimamia upimaji wa mimba. Wasichana walipanga foleni nje ya vyoo, kila mmoja na kikopo chake. Mimi niliita majina.

Yaani mtu wa kuambiwa siri na mtu wa kuitafuta siri hiyo alikuwa mmoja. Watoto walilijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana swali lao la kwanza halikuwa kuhusu shida zao, lilikuwa kunihusu mimi.

Aliyoniambia msichana yule si mageni kwa mtu aliyefundisha shule ya kata. Kwao kulikuwa mbali, hivyo alipanga chumba na wenzake wawili karibu na shule, geto kama wanavyoita. Unga ulipoisha kabla ya mwisho wa mwezi, walikopa kwenye duka la jirani. Mwenye duka akawa anamkopesha yeye zaidi ya wenzake, kisha akaacha kuandika deni lake. Sasa alikuwa hajaona siku zake kwa miezi miwili.

Nikikumbusha hali ya wakati ule, wengine mtashangaa kwamba si zamani sana. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na mimba ilihesabiwa kuwa kosa hilo. Juni 2017 Rais alisema hadharani kwamba katika uongozi wake hakuna mwanafunzi atakayepata mtoto kisha arudi shuleni. Kwa upande wa mwanamume, sheria ya elimu ilikuwa imerekebishwa mwaka 2016, na anayempa mimba mwanafunzi alikabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kwenye karatasi wote wawili walikuwa hatarini. Kwa nilivyoona pale kwetu, msichana alipoteza shule siku ileile kipimo kilipoonyesha mistari miwili, na mwanamume alipata wiki nzima ya kutafuta basi la kwenda mkoa mwingine.

Kwa hiyo usiku ule nilipiga hesabu yangu. Nikimwambia mkuu wa shule, binti anafukuzwa. Nikienda polisi, wataanza kwa kuuliza shuleni, na binti anafukuzwa. Nikinyamaza, angalau sijamfukuza mimi. Nikanyamaza. Nilijiona jasiri. Nilikuwa nimekataa kuwa mkono wa sheria niliyoiona mbaya, na hadi leo naiona ilikuwa mbaya.

Kabla ya likizo aliniuliza kitu kimoja tu: "Madam, tukifungua tunapimwa lini?" Nikamwambia. Jumatatu ile hakuja. Jumanne hakuja. Mwalimu wa darasa aliandika utoro kwenye daftari la mahudhurio, wiki baada ya wiki, mpaka jina lake likapigwa mstari. Ofisini walimu walisema watoto wa siku hizi hawapendi shule. Nikaendelea kusahihisha madaftari.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningeweza kujitetea. Ningesema ahadi ni deni, nami nililipa. Ningesema nilichagua mtoto mbele ya kanuni. Huenda hata ningeandika insha ya kujisifu.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa kujifungua wataruhusiwa kurudi shuleni. Mwaka uliofuata, msichana mwingine alisogeza kitenge. Huyu hakuniomba siri. Alikuja na jambo aliloliona dogo.

"Madam, nadaiwa dukani."

Alidaiwa shilingi 38,000. Alitaka nimwombee kwa mhasibu, kama shule ina fungu lolote la wenye shida, kwa sababu mwenye duka alikuwa ameanza kumwambia kwamba zipo njia nyingine za kulipa. Nikamuuliza ni duka gani. Akanielekeza: lile la kona, mkabala na mashine ya kusaga.

Sikusema neno. Akaniangalia usoni. Watoto wanasoma uso wa mwalimu kuliko wanavyosoma ubao.

"Kwani unamfahamu, Madam?"

"Namsikia tu," nikasema.

Nilikuwa namfahamu kwa miaka mitatu. Nilinunua sukari kwake. Nilijua alichofanya, nilijua anavyokifanya, nilijua hata hatua ya kuacha kuandika deni. Na kwa miaka hiyo mitatu wasichana wa mageto yale walikuwa wakiingia na kutoka dukani mwake, kila mmoja akidhani kwamba ukarimu ule umeanza naye.

Pale ndipo nilipoanza kuiona ahadi ya 2019 kwa jicho lingine. Nilimwahidi mtoto mmoja kunyamaza, lakini aliyefaidi ukimya wangu hakuwa yeye. Yeye alipoteza shule vilevile. Aliyefaidi ni mtu ambaye hakuwahi kuniomba siri wala kukaa kwenye kiti changu. Na waliolipia hawakuwemo chumbani pia. Wengine walikuwa bado darasa la saba. Siri ilionekana kuwa ya watu wawili, kumbe ilikuwa na watu chungu nzima ndani yake.

Je, basi nilipaswa kuivunja? Hapa ndipo watu wengi ninaozungumza nao hukimbilia, na hapa ndipo nisipokubaliana nao. Kuivunja kungemfukuzisha. Mtoto aliyenipa neno lake baada ya kupewa neno langu angeamka na kukuta nimemuuza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Naiheshimu. Lakini mwaka ule mlango uleule wa kutolea taarifa ndio uliokuwa mlango wa kumtolea mtoto shuleni. Nikizirudia zile njia zangu tatu, sioni hata moja ambayo ningetoka nayo nikiwa na mikono safi.

Siku hizi naamini kosa langu lilikuwa mapema zaidi, katika zile sekunde mbili. Tunasema ahadi ni deni. Mimi nilikopa bila kuuliza kiasi. Niliahidi kuitunza siri nisiyoijua, kwa niaba ya watu nisiowajua, nikiwa mwajiriwa mwenye wajibu nisioutaja. Aliponiuliza kama nitamwambia mtu, mtoto alikuwa anaomba taarifa: huyu niliyekaa mbele yake ni nani, na akizungumza kitatokea nini? Mimi nikampa faraja. Kwa kuwa faraja inafanana na jibu, hakujua kwamba hajajibiwa.

Kuna methali tunayopenda kuitumia kuhusu ukaribu: siri ya mtungi aijuaye kata. Tunaisema kana kwamba sifa ya kata ni kujua. Lakini kata inaijua siri ya mtungi kwa sababu inaingia na kutoka. Kazi yake ni kutoka na maji. Mshauri wa shuleni ni kata ya aina hiyo. Anajua ili kitu fulani kitoke: chakula, ulinzi, barua, miadi ya hospitali, mtu mzima wa kwenda naye nyumbani. Akitaka kujua tu halafu abaki humo na siri, sijui anafanya nini mtungini.

Mwalimu aliyekuwa matroni kabla yangu, mama ninayemheshimu, hakubaliani nami. Nilipomweleza kwamba nimeanza kuwaambia watoto mipaka yangu kabla hawajafungua mdomo, alitikisa kichwa. "Mwanangu, mtoto hasomewi masharti kama mtu wa mkopo wa benki. Ukimsomea, ataondoka. Wewe msikilize kwanza, hayo mengine utajua mbele ya safari." Akanikumbusha padri, ambaye haambii mtu yaliyosemwa kwenye kitubio, na ndiyo maana watu wanakwenda.

Hoja yake ni nzito na sijaipindua yote. Ila padri hashiki daftari la mahudhurio. Haiti majina kwenye foleni ya vikopo. Akitoka pale haketi kwenye kikao cha nidhamu kuamua nani asimamishwe masomo. Anaweza kuahidi kunyamaza kabisa kwa sababu amekubali kutofanya lolote lingine na anachokisikia. Mimi sikukubali hivyo, na sitaki kukubali. Nikiahidi kama padri kisha nikatenda kama mwalimu, nimemdanganya mtoto. Nikiahidi kama padri na nikatenda kama padri, wale wa darasa la saba wanaendelea kukua kuelekea duka la kona.

Yule wa shilingi 38,000 nilimwambia ukweli, kwa kuchelewa. Nilimwambia kwamba jambo hili siwezi kulibeba peke yangu, na kwamba nitakwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Alilia kwa hasira. Yeye alitaka deni lilipwe, basi. Alisema kama angejua asingekuja. Nilikwenda hata hivyo, na afisa akatupeleka kwenye dawati la jinsia na watoto, polisi. Walipofika dukani walikuta kufuli. Mwenye duka alikuwa ameondoka siku mbili kabla, na sijui nani alimwambia. Binti alibaki shuleni, akamaliza kidato cha nne. Kwa muhula mzima hakuniamkia. Tulipokutana kwenye korido aliangalia ukuta.

Sikusimulia hilo ili ionekane kwamba niliokoa mtu. Nilichukua uamuzi wake mikononi mwake, kwa sababu nzuri, na nikamfanya ajute kusema. Angekuwa amejua mapema, huenda angechagua siku, angechagua wa kwenda naye, angemwambia mama yake kwanza. Hayo ndiyo niliyomnyima, yeye na yule wa kwanza.

Kwa hiyo sasa nasema hivi, kabla ya lolote: "Karibu. Utakayoniambia sitayapeleka ofisini kupiga soga, wala darasani. Lakini kama kuna mtu anakuumiza, au anaumiza mwingine, au unataka kujiumiza, sitaweza kukaa kimya. Nitakuambia wewe kwanza kabla sijamwambia mtu yeyote, na tutapanga pamoja nani aambiwe na lini. Ukitaka kumpata mtu asiyekujua kwa sura, ipo namba 116, ni bure." Upimaji wa mimba niliomba uondolewe kwangu. Ilichukua vikao vitatu, na maelezo mengi.

Mwaka jana msichana mmoja alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Yaani hata mzazi?" Nikamuuliza ana maana gani. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi naomba nikafikirie, Madam," akasogeza kitenge akatoka.

Nilikaa pale nikiyasikia maneno ya yule mama: ukimsomea, ataondoka. Kama ningesema tu "simwambii mtu", sasa hivi ningekuwa najua. Ningeijua siri, naye angedhani amepata msaada.

Hajarudi. Kila asubuhi mstarini ananiamkia, namwitikia, namtazama anavyotembea, kama anakula, kama amekonda. Nimemwambia mwalimu wake wa darasa amwangalie kwa karibu, bila kumweleza sababu, kwa kuwa sina sababu ya kueleza. Jumatano kuanzia saa nane hadi saa tisa sikubali kipindi wala kikao. Anajua nitakuwepo stoo, na anajua nikiambiwa nitafanya nini.